Sukari na Presha Katika Nyumba Moja

Leo ningependa tuzungumze juu ya mtoto wako wa sekondari.

Mama mmoja alikuja kliniki hapa Sigor kuchukua dawa yake ya ugonjwa wa sukari, akiwa na binti yake wa kidato cha pili aliyekuwa likizoni. Akaniambia, "Sista, mwambie huyu aoge shingo. Nimemsugua hata kwa jiwe, haitakati." Nilipotazama nikaona weusi mnene, laini kama mahameli, nyuma ya shingo na kwapani pia. Mama, ule haukuwa uchafu. Mara nyingi ngozi huwa hivyo wakati mwili unatengeneza insulini nyingi kupita kiasi kwa sababu haifanyi kazi yake vizuri. Kazi ya insulini ni kuingiza sukari ya damu ndani ya misuli. Mtoto alikuwa amegombezwa mwaka mzima bure. (Jiwe ni la kusugua nyayo, tafadhali.)

Asubuhi iliyofuata tulimpima kabla hajanywa chai. Mashine ikaonyesha 6.4. Kawaida ni chini ya 6.1, na ugonjwa ni kuanzia 7.0. Alikuwa katikati, mahali ambapo bado unaweza kumrudisha mtoto.

Ikiwa wewe au baba yao ana sukari au presha, mtoto yuko karibu na ugonjwa huo kuliko jirani yake. Mkiwa nao nyote wawili, yuko karibu zaidi. Hata kama sukari ilikupanda wakati wa ujauzito tu kisha ikashuka, mtoto wa mimba ile anahitaji kuangaliwa, na wewe pia. Lakini si damu peke yake. Tunarithishana pia sufuria ya chai. Hesabu vijiko vya sukari anavyokunywa kijana wako kutwa, kisha ongeza chupa moja ya soda ya mililita 300, ambayo ina karibu vijiko 8 vya chai.

Wengi huniambia, "Sisi Wakipsigis ni watu wa mbio, hayo ni ya watu wa mjini." Ni kweli Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, huko Tokyo mwaka wa 1964. Lakini kogo alipanda mlima na kikapu cha majani chai mgongoni. Mjukuu anapanda bodaboda mpaka mlangoni, kisha anakaa na simu. Kijana anahitaji angalau dakika 60 za kutoa jasho kila siku. Kuteka maji, kupalilia na kucheza mpira, yote yanahesabika, na wasichana wasiachwe nje ya mpira.

Leo jioni chukua uzi. Pima urefu wa mtoto kutoka kisigino hadi utosi, ukate hapo, kisha uukunje mara mbili. Uzungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Usipofika, mafuta ya tumboni yamezidi. Jipime na wewe, na baba pia, ili mtoto asione anachekwa. Usimnyime chakula wala usimwite mnene mbele ya wenzake. Badilisha meza ya wote: punguza kimyet kidogo, ongeza managu, na chai ya nyumba nzima ipungue kijiko kimoja kila wiki. Wazee watanung'unika. Waache wanung'unike.

Kuna jambo moja lisilongoja likizo. Kijana akiwa na kiu isiyoisha, akikojoa usiku kucha na kukonda haraka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akitapika au kuhema kwa nguvu, usinunue dawa ya malaria dukani na kungoja kesho. Mwambie daktari apime sukari.

Kwa kipimo cha kawaida, muulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Tangu mwaka wa 2023 wengi wao wamepewa mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari.

Yule binti hurudi kwetu kila likizo. Mwezi uliopita mashine ilisema 5.7, na shingo imeanza kung'aa. Mama yake hunywa chai bila sukari sasa, ingawa bado hukunja uso.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya chanjo. Sere, mama.