Niangalie Ninapozungumza Nawe

Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani walieleza jinsi walivyowaonyesha filamu ya zamani vijana 15 wenye usonji na wenzao 15 wasio nao. Filamu yenyewe ni Who's Afraid of Virginia Woolf?, iliyotoka mwaka 1966. Haina vita wala mbio za magari. Ni watu wanne tu, Elizabeth Taylor na Richard Burton wakiwemo, wanakunywa usiku kucha na kurushiana maneno makali. Ilichaguliwa kwa sababu hiyohiyo: anayetaka kuifuata hana budi kusoma nyuso.

Kila kijana alivaa kofia yenye kamera ndogo iliyofuatilia mboni za macho yake na kuonyesha hasa alipokuwa akitazama. Wasio na usonji walitumia takriban asilimia 65 ya muda kwenye macho ya waigizaji. Wenye usonji, asilimia 25. Sehemu kubwa zaidi ya muda wao ilikwenda mdomoni, na iliyobaki ikagawanyika kati ya viwiliwili na vitu vilivyomo chumbani.

Kuna tukio moja la filamu hiyo ambalo Ami Klin, mmoja wa watafiti hao wa Yale, na wenzake walilichambua kwa karibu. Mgeni kijana ananyoosha kidole kuelekea mchoro uliotundikwa ukutani na kuuliza umechorwa na nani. Macho ya mtazamaji asiye na usonji yalikifuata kidole moja kwa moja hadi kwenye mchoro, kisha yakaenda kwa mwenye kujibu. Macho ya mtazamaji mwenye usonji, mtu mwerevu na msemaji mzuri, hayakukifuata. Aliposikia swali ndipo yakaanza kuhama kutoka picha moja hadi nyingine, akitafuta inayozungumzwa. Nje ya filamu, alipoulizwa kunyoosha kidole kuna maana gani, alijibu bila taabu. Alijua. Ila katika kasi ya mazungumzo, kilichomwongoza ni sikio, si mkono wa msemaji.

Kwa miaka mingi matokeo ya namna hii yalisomwa kwa njia moja: hawatazami kwa sababu watu hawawavutii. Wazo hilo ni la siku nyingi. Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyeandika habari za watoto 11 mwaka 1943, aliamini kuwa walizaliwa wakiwa wamepungukiwa uwezo wa kawaida wa kuungana na watu kihisia. Lakini takwimu zilezile za Yale zilikuwa na jambo la kuwafanya watu wasite. Miongoni mwa vijana wenye usonji, waliotazama mdomo zaidi ndio waliomudu vizuri zaidi maisha ya kukaa na watu. Mdomoni ndimo maneno yanamotoka, na huenda walikuwa wakiifuata hadithi kwa njia yao wenyewe.

Mwaka 2013 picha ikazidi kubadilika. Warren Jones na Klin, safari hii wakiwa Atlanta, walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowafuatilia watoto tangu kuzaliwa. Walipokuwa na miezi miwili, watoto ambao baadaye walithibitishwa kuwa na usonji waliyatazama macho ya mlezi sawa na wenzao. Kupungua kulianza kati ya mwezi wa pili na wa sita. Kwa hiyo mvuto wa macho ulikuwepo, kisha ukafifia. Kundi lililochunguzwa lilikuwa dogo, lakini lilitosha kuitikisa dhana kwamba mtoto wa aina hii huzaliwa akiwa amewapa watu kisogo.

Na wale wanaokwepa macho wakiwa wakubwa je? Mwaka 2017, mtafiti Nouchine Hadjikhani na wenzake walipima ubongo wa watu wenye usonji waliokuwa wakitazama sura za watu kwenye video. Walipowekewa alama iliyowalazimu kukaza macho katikati ya macho ya sura hizo, sehemu za ndani za ubongo zinazohusika na kugutuka na kutahadhari, amigdala ikiwemo, ziliwaka kupita kiasi. Hayo yanaafikiana na wanayosema wengi wao wenyewe: kumtazama mtu machoni kunawachoma, au kunawavuruga hata wasisikie anachosema. Mmarekani John Elder Robison, aliyegundulika kuwa na usonji akiwa mtu mzima, aliipa kumbukumbu yake ya mwaka 2007 jina la amri aliyokuwa akipewa tangu utotoni: Look Me in the Eye.

Sasa vipimo vya macho vimetoka maabara na kuingia kliniki. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu chombo kiitwacho EarliPoint kitumike kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Humwonyesha mtoto video fupi huku kikirekodi macho yake. Utafiti wake mkubwa, uliotolewa mwaka 2023, ulihusisha watoto 475 katika kliniki sita za Marekani. Kati ya kila watoto 100 ambao wataalamu walisema wana usonji, chombo kilikubaliana nao kwa 71. Kati ya 100 wasio nao, kilikubaliana nao kwa takriban 81. Ni msaada wa kweli kwa daktari mwenye foleni ndefu mlangoni. Lakini watoto 29 katika kila mia wenye usonji wangerudishwa nyumbani kama ingeaminiwa mashine peke yake.

Hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapohusika. Huku kwetu mtoto anayesema na mkubwa hufundishwa kuinamisha macho. Anayemkodolea babu yake huonekana hana adabu. Mtoto huyohuyo akifika darasani huenda akakuta amri iliyo kinyume: niangalie ninapozungumza nawe. Akipelekwa kupimwa, kipimo cha ADOS, kinachotumika sana duniani kutambua usonji, kinahesabu pia jinsi anavyotumia macho yake, na kipimo hicho kilibuniwa na wataalamu wa Marekani na Uingereza. Kabla ya hospitali yoyote ya Kilifi, Tanga au Kigoma kununua mashine ya kupima macho, inafaa kwanza ijulikane watoto wa huko, wenye usonji na wasio nao, hutazama wapi wanaposemeshwa na mama, na wapi wanaposemeshwa na mgeni aliyevaa koti jeupe.

Mwalimu hana haja ya kusubiri mashine hiyo. Mwanafunzi anayetazama dirishani wakati wa somo aachwe atazame, kisha aulizwe kuhusu kilichofundishwa. Akijibu, basi alikuwa akisikiliza, na amri ya kugeuza uso haina kazi. Asipojibu, itabidi mwalimu achunguze kama tatizo ni kelele za darasa, maagizo marefu mno au lugha anayofundishia, na katika hayo yote hakuna hata moja linaloondoka kwa kumshika mtoto kidevu.