Tulinde Hesabu za Mradi Zisibadilike kwa Bahati Mbaya



Taarifa ya fedha haiharibiwi na mwizi peke yake. Hata kidole kikiteleza inatosha. Mtu akiandika tarakimu juu ya fomula ya jumla kwenye Excel, jumla ile inaganda. Mkiongeza mifuko 10 ya saruji haibadiliki, wala kompyuta haitoi onyo la kueleweka. Siku ya ukaguzi mfadhili atauliza fedha ziko wapi, na kusema "ni kompyuta" hakutamridhisha.

Kinga ipo. Katika Excel kila kisanduku kimefungwa tangu mwanzo, lakini kufuli hilo halifanyi kazi mpaka karatasi yenyewe ilindwe. Basi kwanza fungueni visanduku vya kuingizia matumizi tu, kisha lindeni karatasi. Fomula zitabaki salama. Taarifa ikishapitishwa na kamati, itumwe kwa PDF, na mhazini abaki na nakala kwenye flashi.

Tukumbuke kwamba ulinzi huu unazuia kuteleza, hauzuii nia mbaya. Kwa hiyo stakabadhi za karatasi ziendelee kutunzwa kabatini.