Kuchagua Eneo Tulivu la Kuwinda: Usalama, Sheria na Ustadi

Mada kwa wawindaji wenyeji na askari wa wanyamapori wa vijiji

1. Utangulizi

Msimu unapofunguliwa mwezi Julai, wengi wetu hukimbilia sehemu zilezile: kandokando ya barabara za porini na kwenye mabwawa yanayojulikana na kila mtu. Baada ya muda mfupi wanyama wa hapo huwa wameshajua. Mchana hujificha vichakani, usiku ndipo hutoka kula. Hoja yangu ni moja: eneo tulivu ndilo linalompa mwindaji nafasi ya kupiga risasi moja iliyo sahihi, kwa hiyo kulitafuta ni wajibu wake.

2. Hasara za msongamano

Kwanza ni usalama. Risasi ya bunduki kubwa huweza kwenda zaidi ya kilomita tatu, na nyuma ya kichaka huenda yupo mchungaji au mrina asali. Pili, mwindaji anayehofia kutanguliwa na mwenzake hupiga kwa pupa na kujeruhi. Nyati aliyejeruhiwa na kuachwa ni hatari kwa yeyote atakayepita njia hiyo. Tatu, mnyama aliyekimbizwa sana kabla ya kufa, nyama yake huwa nyeusi na huharibika upesi.

3. Mipaka ya sheria

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda ukiwa ndani ya gari au mita 200 kutoka lilipo. Inakataza pia kuwinda ndani ya mita 500 kutoka kwenye maji ya kudumu au mahali pa kulambia chumvi, na ndani ya kilomita moja kutoka mpaka wa hifadhi ya taifa. Anayezifuata kanuni hizi atajikuta ameshatoka kwenye vurugu, akitembea kwa miguu. Hata hivyo, utulivu hauhalalishi kuvuka mpaka: eneo lililoandikwa kwenye leseni ndilo hilo.

4. Kulisoma pori

Katika miombo ya Manyoni, Sikonge na Chunya, kiangazi kikikolea maji hubaki sehemu chache, na watu, mifugo na wanyama wote huelekea huko. Mwindaji makini huacha maji nyuma yake na kufuata mapito yanayoelekea malishoni. Palahala na korongo hupenda majani mabichi yanayochipua palipoungua mapema, hata mbali na barabara.

Dalili zipo chini. Unyayo mpya una kingo kali. Ukiona vijia vya wadudu vimekatiza juu yake, mnyama alipita zamani. Kinyesi cha nyati chenye unyevu ndani, kikiwa kwenye njia inayotumika mchana, huonyesha kuwa kundi halijasumbuliwa. Kwato za ng'ombe, majivu ya moto na matairi ya pikipiki huonyesha kinyume chake.

Upepo nao una kauli yake. Beba majivu laini kwenye kifuko cha kitambaa, ukitikise kidogo kila baada ya mwendo mfupi na utazame vumbi linakoelekea. Asubuhi upepo huwa mpole, lakini jua likipanda huanza kugeukageuka. Likitokea hilo, afadhali kurudi nyuma na kuzunguka kuliko kulivuruga kundi.

5. Mapendekezo

(a) Askari wa vijiji wapange zamu, ili vikundi viwili visiingie bonde moja siku moja.
(b) Kila kikundi kiwaarifu wachungaji na warina asali kabla ya kuingia.
(c) Magari yaachwe mbali, na kambi isipigwe kwenye njia ya wanyama kwenda majini.
(d) Bonde lililowindwa lipumzishwe kabla ya kikundi kingine kuruhusiwa.

Tukiyatekeleza haya, hatutalazimika kwenda mbali zaidi kila msimu kutafuta utulivu, kwa sababu mabonde ya karibu yatabaki na wanyama wasiokimbia kila wasikiapo mtu.