Hapa Palikuwa pa Nani?

 

Wewe uliyetoka Bujumbura, Lubumbashi au Lusaka, ukifika Dar es Salaam unaona maghorofa, bandari na foleni. Hebu nikuulize: kabla ya hayo palikuwa na nini? Palikuwa na kijiji cha wavuvi, jina lake Mzizima. Miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar akaja kujenga mji wake hapo, akauita Dar es Salaam. Akafariki mwaka 1870. Ndugu yake Barghash hakuuendeleza, majumba yakaanza kubomoka. Mwaka 1887 Wajerumani wakafika, na mwaka 1891 wakaufanya makao makuu ya koloni lao. Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Basi, mji haukurudi nyuma tena. Leo Mzizima ni jina tu, unalisikia kwenye shule na kwenye mpira. Kijiji hukioni.

Wapendwa, msidhani hayo yameisha. Mbagala, Bunju, Chanika, kote huko palikuwa mashamba na vijiji. Jiji bado linameza, na makanisa yetu yanakwenda nalo.

Kanisa letu lilinunua kiwanja pembezoni mwa jiji, mikorosho ikiwa bado imesimama. Siku ya kuchimba msingi tukakuta makaburi matatu kwenye kona. Hayana maandishi, ni mawe tu. Fundi akaniuliza, "Mtumishi, tusawazishe?" Nikajibu, "Sawazisha." Ndiyo, ni mimi huyu, niliyefunga siku tatu kukiombea kiwanja kile!

Kabla hajainua jembe akaja bibi mmoja na ufagio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

Hakugombana. Akaanza kufagia. Kisha akasema, "Aliyewauzia ni mjukuu wangu. Hapa wamelala baba yangu, mama yangu, na mwanangu wa kwanza. Kiwanja mmenunua. Na hawa je, mmewanunua?"

Sikuwa na jibu, jamani.

Tukasogeza ukuta. Tulipoteza nafasi ya safu mbili za viti, na wazee wengine wa kanisa walininung'unikia. Hadi leo ukuta wetu una kona iliyopinda. Bibi si wa imani yetu, lakini akija kufagia hupita kutujulia hali.

Soma Mwanzo 23. Ibrahimu alikuwa na ahadi ya Mungu juu ya nchi ile yote. Lakini alipotaka mahali pa kumzika Sara, alikwenda kwa wenyeji, akainama mbele yao, akaomba, akalipa fedha kamili. Ahadi haikumfanya asahau kwamba ni mgeni. Mimi nilikuwa na risiti tu, nikasahau.

Katika maadhimisho haya tunapanga kufungua matawi mapya. Miji yetu inakua, Goma, Kigali, Bujumbura, Dar. Viwanja tutapata. Ombi langu kwako ni moja: kabla ya kusimamisha turubai, uliza. Hapa paliitwaje? Nani amezikwa hapa? Mzee wa mahali hapa ni nani?

Mwamkie kwanza. Spika utaiwasha baadaye.

Mungu awabariki. Amina.