Kadi ya Mtoto Isiwe Bubu



Leo tuzungumze juu ya kadi ya kliniki ya mtoto. Wengi wetu tunaitunza vizuri, tena ndani ya mfuko wa nailoni. Lakini je, tunaisoma?

Ndani ya kadi ipo chati, yaani mchoro wa uzito. Chini yake kuna umri kwa miezi. Pembeni kuna kilo. Mtoto akipimwa, mwuguzi anatia nukta. Nukta zikiunganishwa tunapata mstari. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukilala au ukishuka, hiyo ni hatari.

Kadi za namna hii zilienezwa na daktari Mwingereza, David Morley, aliyefanya kazi vijijini Nigeria katika miaka ya 1950. Katika chati yake nukta hazikukaa peke yake. Maneno mafupi yaliandikwa pia.

Kwa nini maneno? Haya, tuseme mtoto amezaliwa Januari. Julai ana kilo 7. Agosti ana kilo 7 na nusu. Septemba amerudi kilo 7. Amepatwa na nini? Nukta haisemi. Lakini pakiandikwa "ameharisha siku 5", mwuguzi mwingine akiisoma Oktoba anajua pa kuanzia.

Basi tushike mambo matatu:

1. Mwezi wa kuzaliwa uandikwe sawasawa. Ukikosewa, nukta zote zitakaa pasipo pake. Mtoto dhaifu anaweza kuonekana mzima.

2. Maneno yawe machache, karibu na nukta yake, wala yasifunike mstari. Kwa mfano: surua, malaria, ameanza uji, ameacha ziwa.

3. Kosa lisifutwe kwa kidole chenye mate. Likatwe kwa mstari mmoja, neno sahihi liandikwe kando.

Ati hiyo ni kazi ya mwuguzi? Ndiyo, kalamu ni yake. Lakini anayejua mtoto aliugua lini ni mzazi. Tumweleze, tumwombe aandike, kisha tusome alichoandika. Kama si sawa, tuseme palepale.

Ndugu zangu, jioni ya leo tufungue kadi, baba na mama pamoja. Tutafute mahali mstari uliposhuka. Kama hapana neno, twende nayo kliniki tukaulize. Na kama mstari unashuka sasa hivi, tusingoje siku ya kliniki. Kesho asubuhi tumpeleke mtoto zahanati.