Kura na Mali: Habari za Malawi



Nimeombwa nieleze kwa nini nchi yaweza kupata haki ya kuchagua wakubwa wake, na mifuko ya raia ikabaki mitupu. Nitachukua nchi moja, Malawi.

Tangu 1964 hata 1994 Malawi ilikuwa chini ya Dr. Hastings Banda, aliyefanywa Rais wa maisha mwaka 1971. Juni 1993 watu waliulizwa kama wataka vyama vingi, wakakubali. Mei 1994 wakamwondoa kwa kura, pasipo vita. Februari 2020 mahakama ilitangua uchaguzi wa 2019, na uliporudiwa mwezi Juni Rais aliyekuwapo akashindwa. Mwaka 2025 akarudishwa kwa kura vilevile. Ni wachache Afrika wawezao kujisifu hivyo. Walakini Malawi ingali miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani.

Kura humwondoa mkubwa. Haijengi reli, wala haibadili zao la shamba. Tumbaku ndiyo iletayo sehemu kubwa ya fedha za kigeni, na bei yake hutegemea wanunuzi wachache. Nchi haina pwani, basi mbolea na mafuta huongezeka bei njiani toka Beira, Nacala au Dar es Salaam.

Tena mgombea ajua kwamba mbolea ya bei nafuu huonekana kabla ya uchaguzi, bali mtambo wa umeme huchukua miaka mingi, naye amepewa mitano. Simlaumu sana, mwenye njaa hapigi kura kwa ajili ya mtambo.

Lakini litugusalo sisi makarani ni jambo la 2013. Fedha za Hazina zililipwa kwa bidhaa zisizoletwa kamwe, na wafadhili wakazuia misaada yao. Malipo hayo yalipita mikononi mwa watumishi wa Serikali, si mwa wapiga kura.

Wako wasemao: basi afadhali mtu mmoja atawale. Nakataa. Banda alikaa miaka thelathini, na umaskini aliuacha. Botswana nayo haina pwani, na imepiga kura tangu 1965. Almasi zilipovumbuliwa mwaka 1967, mapato yake yalitiwa katika barabara na shule.

Sasa ningependa kusikia kwa wenzangu wa idara za malipo: katika ofisi zenu, ni nani aendaye ghalani kuitazama bidhaa kwa macho yake kabla hundi haijatiwa sahihi?