Sufuria Moja, Walaji Watano: Kuhesabu Kalori, Kupunguza Wanga na Kutunza Uzito Murera

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wahudumu wa afya ya jamii, Murera, Kaunti ya Kiambu



Nimeombwa nizungumzie swali mnaloulizwa kila mnapotembelea kaya zenu: mtu akishapungua, atabakije hapo alipofika? Ahesabu kalori, au aache wanga? Jibu langu nalitoa mapema ili mlipime tunapoendelea. Kwa kaya inayopika sufuria moja, hesabu ifanywe dukani na kwenye sufuria, isifanywe kwenye sahani ya mtu mmoja. Wanga nao upunguzwe kiasi na kubadilishwa aina, bila kuufukuza mezani.

Swali hili si la watu wachache wenye nafasi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kaya wa mwaka 2014 ulikuta takriban theluthi ya wanawake Wakenya wana uzito uliozidi. Ule wa 2022 ukakuta wamepita wanne kati ya kila kumi, na wanaume wako chini sana ya hapo. Huku kwetu, kati ya Ruiru na Thika, sababu tunaziona kwa macho. Palipokuwa mashamba ya kahawa sasa pana ploti na nyumba za kupanga. Aliyekuwa akilima na kubeba maji sasa anapanda boda boda hadi stejini, anakaa kwenye matatu, anakaa kazini, kisha anarudi vivyo hivyo. Sahani haikupungua kwa kadiri kazi ilivyopungua. Sahani ile ilikuwa ya mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri, na mama zetu walijua walichokuwa wakipakua.

Kupungua na kutunza uzito ni kazi mbili tofauti, na hapa ndipo watu wengi wanaumia. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha utafiti wa watu 50 waliopunguzwa uzito kwa wiki kumi za chakula kidogo. Mwaka mmoja baadaye, homoni za njaa na za shibe zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa. Mwili ulikuwa ungali unadai chakula. Juu ya hilo, mwili uliopungua unahitaji nguvu pungufu kuliko ule wa mwanzo, kwa hiyo njaa imepanda na mahitaji yameshuka kwa wakati mmoja. Mama aliyepungua kilo nane kisha akarudisha tano hakukosa msimamo. Naomba mumwambie hivyo kwanza, kabla ya kumpa ushauri wowote, maana wengi huacha kuja kupimwa kwa sababu ya aibu.

Sasa kuhesabu. Nikisema kalori hapa nina maana ya kilokalori, ile inayoandikwa kwenye paketi. Hesabu yenyewe ni ya zamani. Mmarekani Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, alitupa namba tunazotumia hadi leo: gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, gramu moja ya mafuta kalori 9. Kanuni hiyo ni ya kweli, na anayekula kalori zinazolingana na anazotumia hanenepi. Taabu iko kwenye kupima. Mwaka 1992, New York, watu kumi wenye unene waliosema wanakula kidogo sana lakini hawapungui walichunguzwa kwa makini. Ikaonekana wameripoti pungufu ya walichokula kwa karibu nusu. Hawakuwa waongo. Macho ya binadamu ndiyo yasiyoweza kupima chakula, na hao walikuwa watu wanaokula kwenye sahani zao, chakula chenye vipimo vilivyoandikwa.

Je, sisi? Githeri imechemshwa jioni, ikakaangwa kwa kitunguu na nyanya, ikaongezwa waru, akapakuliwa baba, wakapakuliwa watoto, na mama akala iliyobaki akiwa amesimama jikoni. Nani atajua sahani ya huyo mama ilikuwa na gramu ngapi? Kweli, tangu 2018 tuna jedwali letu la taifa la virutubishi vya vyakula, lililotolewa na serikali kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), pamoja na kitabu cha mapishi ya Kenya. Ni kazi ya kujivunia, na kila kituo cha afya kinapaswa kuwa nayo. Lakini jedwali linakwambia gramu 100 za githeri zina nini. Halikwambii upawa wa mama fulani unachota gramu ngapi.

Ndiyo maana napendekeza hesabu ihamie dukani. Kinachoingia jikoni kwa mwezi kinajulikana, kwa sababu kimelipiwa. Chukueni kaya ya watu watano inayomaliza lita 3 za mafuta ya kupikia kwa mwezi. Lita moja ina uzito wa takriban gramu 920, na kila gramu ni kalori 9, yaani kalori 8,280 kwa lita. Lita 3 ni karibu 24,800. Gawanya kwa watu watano na siku 30, unapata kalori 165 kwa kila mtu kila siku, mafuta peke yake. Sukari nayo, kaya hiyo ikitumia kilo 6 kwa mwezi, ni gramu 6,000 mara 4, kalori 24,000. Kwa mtu mmoja ni 160 kwa siku, na nyingi zimo kwenye chai. Paketi ya unga wa mahindi ya kilo 2 ina karibu kalori 7,200. Ikiliwa kwa siku mbili, kila mtu anapata 720 kwa siku.

Tazameni sasa kinachowezekana. Kaya hiyo ikishuka hadi lita 2 za mafuta na kilo 3 za sukari, unga usiguswe kabisa, kila mtu amepunguziwa takriban kalori 135 kwa siku. Mwaka 2011 mtafiti Kevin Hall na wenzake walionyesha katika jarida la Lancet kwamba kila punguzo la kudumu la kalori 24 kwa siku hatimaye huleta tofauti ya takriban kilo moja kwa mtu mzima. Nusu ya tofauti hiyo huonekana ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu yote kufikia mwaka wa tatu. Kwa hiyo 135 ni zaidi ya kilo tano, bila mtu kupima sahani hata mara moja, bila programu ya simu, bila mama kupika sufuria mbili. Na pesa zinabaki mkononi. Nasisitiza neno la kudumu: punguzo la mwezi mmoja halihesabiki.

Kuna tahadhari moja kwenye hesabu hii. Katika sufuria hiyo anakula pia mtoto wa miaka miwili, na huyo anahitaji mafuta ili akue. Kaya ikipunguza mafuta ya kupikia, mtoto aongezewe yai, maziwa, au avokado iliyopondwa kwenye chakula chake. Msiondoke kwenye kaya yenye mtoto mdogo kabla ya kulisema hilo.

Nageukia wanga. Anayeacha ugali, chapati, wali na sukari kwa ghafla huona mizani ikishuka haraka, pengine kilo mbili au tatu kwa wiki, naye huamini amepata dawa. Sehemu kubwa ya hizo ni maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kama glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu tatu za maji. Wanga ukiondoka, maji huondoka nao. Siku ya harusi akila pilau, maji yanarudi, naye anadhani ameharibu kila kitu.

Kwa muda mrefu zaidi ushahidi ni mtulivu. Mwaka 2022 Celeste Naude wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, pamoja na wenzake, walikusanya majaribio 61 yenye watu karibu 7,000 wakilinganisha mlo wa wanga mdogo na mlo wa wanga wa kawaida. Tofauti ya uzito ilikuwa ndogo au haikuwepo. Huko Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Christopher Gardner alifuata watu 609 kwa mwaka mzima, nusu wakipunguza wanga na nusu wakipunguza mafuta, bila kuambiwa wahesabu kalori. Mwaka 2018 akatangaza matokeo: wa wanga walipungua kilo 6.0 kwa wastani, wa mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Makundi yote mawili yalikuwa yamefundishwa kula mboga kwa wingi na kuacha sukari na unga uliokobolewa.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote kwa ajili ya mada hii ulichapishwa mwaka 2010, na ulihusu kutunza uzito hasa. Ulifanyika katika nchi nane za Ulaya na unajulikana kwa jina la Diogenes. Watu 773 waliokwisha kupungua angalau asilimia 8 ya uzito wao waligawiwa milo mitano kwa wiki 26, wakaachwa wale hadi washibe. Kundi pekee lililorudisha uzito kwa kiwango cha maana ni lile lililokula protini kidogo pamoja na wanga unaoyeyuka haraka kuwa sukari mwilini. Waliokula protini zaidi kidogo, na wanga unaoyeyuka polepole, walidumu vizuri kuliko wengine, na hawakuwa wameacha wanga.

Kwa Murera maana yake ni nini? Githeri ya mahindi mazima na maharagwe ni wanga unaoyeyuka polepole, tena una protini na nyuzinyuzi ndani yake. Njahi ni hivyo hivyo, ndengu ni hivyo hivyo. Anayefuata mlo mkali wa kuacha wanga analazimika kuviacha vyote hivyo, yaani anaacha protini ya bei nafuu kuliko zote alizo nazo, akanunue nyama na mayai kwa pesa ya karo. Kwa kaya nyingi ninazozijua jambo hilo halitadumu hadi Krismasi, na sioni sababu ya kumshauri mtu afanye lisilodumu. Cha kupunguza ni chapati, mandazi, mkate mweupe na chipsi za kibandani, ambavyo ni unga mweupe au waru, vingi vyake pamoja na mafuta mengi. Asubuhi nduma au ngwaci iliyochemshwa ichukue nafasi ya mandazi. Jioni ugali uwe robo ya sahani, managu, terere au sukuma wiki nusu, na robo iliyobaki iwe maharagwe, omena, yai au nyama, kwa kadiri ya uwezo.

Huwa naletewa Wamaasai kama hoja: wao hawakula wanga, na walikuwa wembamba wenye nguvu. Historia ya hoja hiyo inatuhusu sisi wa Kiambu moja kwa moja. Mwaka 1931 John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland ambaye baadaye aliongoza FAO ilipoanzishwa na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949, alitoa pamoja na John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya koloni, ripoti ya kulinganisha Wamaasai na Wakikuyu. Mmaasai mwanamume, aliyelelewa kwa maziwa, nyama na damu, alikuwa mrefu zaidi kwa takriban inchi 5 na mzito zaidi kwa ratili 23 hivi kuliko Mkikuyu mla nafaka na viazi. Lakini hiyo ilikuwa hadithi ya upungufu: protini na madini yaliyokosekana kwa watu waliokuwa wamekwisha kunyang'anywa ardhi na kusukumwa kwenye vibarua. Haikuzungumzia kunenepa hata kidogo. Na ripoti hiyo hiyo ilikuta tofauti baina ya wanawake wa makabila haya mawili ni ndogo zaidi, kwa sababu wanawake wa Kikuyu walikula majani ya kijani kwa wingi kuliko waume zao. Hilo la mboga za majani ndilo ningependa likumbukwe Kiambu.

Wala wanga peke yake haunenepeshi. Mwaka 2004 Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, hapo Kahawa tunapopita kila siku kwenye barabara ya Thika, alichapisha na wenzake uchunguzi wa chakula cha wanariadha kumi wa masafa marefu kambini. Zaidi ya robo tatu ya nguvu walizokula zilitoka kwenye wanga, na ugali ndio uliotangulia. Miili yao mnaijua. Wao wanakimbia, sisi hatuhitaji kufika huko, ila kutembea kunahesabika. Marekani kuna daftari la watu waliopungua angalau kilo 13.6 na kudumu hivyo mwaka mmoja au zaidi, lililoanzishwa mwaka 1994. Milo yao inatofautiana, lakini wengi wao hutembea au kufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, na wengi hujipima angalau mara moja kwa wiki.

Mizani mnazo. Zilikuja kwenye mikoba ya vifaa mliyoanza kukabidhiwa mwaka 2023. Aliyepungua apimwe kila wiki, siku ile ile, kabla ya kula, na mkubaliane naye mpaka: akipanda kilo mbili juu ya pale alipofikia, mnarudi naye kwenye orodha ya manunuzi ya mwezi kutazama kilichoongezeka. Kilo mbili huondoka kwa kupunguza sukari na mafuta. Akingoja hadi nane atakuwa ameanza upya.

Kabla hamjaanza, mpitie madaftari yenu mtafute wanaotumia insulini au vidonge vya glibenclamide. Mtu huyo akipunguza ugali ghafla huku dozi ni ile ile, sukari yake inaweza kushuka siku hiyo hiyo: atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa, na anaweza kuzimia. Aende kliniki kwanza, dozi itazamwe, ndipo sahani ibadilishwe. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ugonjwa wa figo nao wasiingizwe kwenye mpango huu bila kuonwa na daktari au mtaalamu wa lishe wa kituo. Mwenye kisukari akiwa amekwisha kuanza mwenyewe kabla hamjamfikia, mpimeni sukari pale pale kwa kifaa mlicho nacho, na mumsindikize hadi kliniki.